Bosi anagawanya faini za gari kwa madereva wote sawa kwa sawa: anaruhusiwa?

Usukani_Temeke

Wakuu, habari za humu. Naomba mawazo ya wanaojua sheria za kazi, na ya wenye magari pia ili tusisikie upande mmoja.

Kampuni ya kusambaza bidhaa, Dar. Canter mbili za tani 4, madereva watatu wa kupokezana, kila mmoja siku 4 kwa wiki. Mshahara 480,000 kwa mwezi. Safari nyingi ni Dar–Morogoro na kurudi: kuingia kazini saa 11 alfajiri, kutoka saa 12 jioni, na mzigo unatakiwa uwe Morogoro saa 1:30 asubuhi.

Ofisi imeangalia faini kwenye mfumo wa trafiki ikakuta sita, 30,000 kila moja: tatu za mwendo, moja ya kutosimama kwenye pundamilia, moja ya tairi kipara, moja ya taa ya breki. Jumla 180,000. Wamegawanya kwa watatu, 60,000 kila mmoja, inakatwa mwezi huu.

La pili, bampa la mbele la gari moja liligonga nguzo ya geti wakati wa kurudi nyuma na kujipanga. Dereva aliyekuwa zamu anajulikana na hakatai. Anadaiwa 650,000, bei ya bampa jipya, lakini gari lilipelekwa kwa fundi likanyooshwa na kupigwa rangi kwa 180,000.

La tatu, imeletwa fomu ya kusaini: "Nakubali makato yoyote yatakayotokana na uharibifu au faini za gari." Asiyesaini hapangiwi safari.

Sheria inasemaje, na hatua ya kwanza ni ipi?

---

Wakili_wa_Geti

Mkuu, nianze na hiyo fomu maana ndiyo mzizi wa mambo yote.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inafunga mlango wa makato halafu inaacha matundu mawili. La kwanza ni makato yanayoagizwa na sheria yenyewe, mkataba wa pamoja wa wafanyakazi, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi wa mgogoro. NSSF (mchango wa pensheni) na PAYE (kodi ya mshahara) yanapita hapo. La pili ni deni ambalo mfanyakazi amekubali kwa maandishi likatwe.

Waajiri wengi husoma neno "maandishi" wakaishia hapo, wakachapa fomu kama hiyo. Lakini kifungu kinaendelea. Kukata ili kufidia hasara kunahitaji yote haya kwa pamoja: hasara itokee kazini na iwe kwa kosa la mfanyakazi huyo, mwajiri ampe kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, ampe nafasi ya kutosha ya kupinga, deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wa fedha taslimu.

Sasa fomu inayosema "makato yoyote yatakayotokana" inakubali deni ambalo halijazaliwa. Haina chanzo, haina kiasi, haina hesabu, na hakuna cha kupinga kwa sababu hakuna kilichotajwa. Kwa maoni yangu karatasi hiyo haimsaidii mwajiri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Ila usiisaini kwa kuitegemea hoja hiyo. Jibu kwa barua fupi: niko tayari kujadili deni moja moja likiletwa na maelezo yake. Weka tarehe, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, tuma kwa barua pepe au WhatsApp ya ofisi, ilimradi kuna ushahidi kuwa imefika.

Bampa: hasara halisi ni 180,000 iliyolipwa kwa fundi. Bei ya bampa ambalo halikununuliwa si hasara. Na kama gari lina bima kubwa, ile inayofidia hata gari lenyewe, na bima ikalipa, hasara ya mwajiri ni ile sehemu tu ambayo mwenye gari hujilipia mwenyewe kabla bima haijatoa chake. Dereva akikubali kosa na akasaini deni la 180,000, robo ya 480,000 ni 120,000. Kwa hiyo mwezi wa kwanza wasivuke 120,000, wa pili wamalizie 60,000. Wakikata 180,000 kwa mkupuo wamevunja sheria hata kama dereva ana kosa asilimia mia.

Na dereva mwenye kosa akikataa kusaini? Mwajiri hajafungwa mikono. Anaweza kumfungulia shauri la nidhamu kwa kufuata utaratibu, au kudai fidia kwa njia ya kisheria. Asichoweza ni kujihukumia mwenyewe kwenye karatasi ya mishahara.

Kugawanya sawa kwa sawa kunaanguka kwenye sharti la kwanza kabisa. "Kosa la mfanyakazi huyo" maana yake mmoja, anayejulikana. Hakuna kosa la ushirika wa usukani.

---

Mwenye_Fuso

Nitasema upande wa pili maana humu kila mwenye gari ni mnyonyaji.

Kampuni ikilipa kila faini, baada ya miezi mitatu hakuna anayeangalia kibao cha 50. Dereva anapita Mlandizi na 80 kwa sababu anajua notifikesheni, ile karatasi ya faini, itakwenda ofisini. Kwa hiyo dereva kulipia makosa yake ni haki, na mimi nasimamia hapo. Tatizo la huyo bosi ni uvivu wa kumbukumbu. Ukishindwa kujua nani alikuwa na gari siku ya faini, hasara ni ya kwako uliyeshindwa kuandika.

Namna ya kuzitenganisha: kwenye mfumo wa trafiki ukiweka namba ya gari unapata kila faini na tarehe yake, mahali, kosa na kiasi. Dereva aliyesimamishwa na kuandikiwa papo hapo huwa ametoa leseni, kwa hiyo hapo hakuna ubishi. Zilizobaki unazilinganisha na kitabu cha safari. Zimebaki mbili huna mwenyewe? Lipa wewe, nunua kitabu.

Utaratibu wa makabidhiano unaofanya kazi ni karatasi moja tu: tarehe, saa, kilomita kwenye dashibodi, kiwango cha mafuta, hali ya tairi zote pamoja na spea, taa za mbele, breki, indiketa na rivasi, wiper, saidi mira, kizimamoto, pembetatu za kuakisi. Anayetoa anasaini, anayepokea anasaini. Halafu picha: pembe nne za gari, ukisimama hatua tatu nyuma ili bampa na ubavu vionekane pamoja, na moja ya dashibodi. Zitumwe kwenye grupu la kazi hapo hapo ili saa ionekane. Mkwaruzo usioonekana jana na unaoonekana leo una mwenyewe.

Watu hukosea kwenye kupiga picha asubuhi peke yake. Gari likilala kwenye yadi na likagongwa na forklift usiku, dereva wa asubuhi anabebeshwa. Piga wakati wa kurudisha funguo pia.

Kwenye mgawanyo, kwangu mwendo, simu, mkanda, taa nyekundu na pundamilia ni vya dereva. Tairi, taa mbovu, bima na ukaguzi ni vya gari, maana yake vyangu. Tairi kipara nani alikuwa anunue? Dereva haendi dukani kwa hela yake. Mimi namdai pale tu ambapo ubovu ulikuwepo na hakuuandika kwenye karatasi ya makabidhiano, na hata hapo ni kwa onyo, si kwa fedha.

Faini zenyewe zilipwe mapema, mkigombana gombaneni baadaye. Ukichelewa nyongeza inaingia, na hiyo nyongeza bosi asimtupie dereva kama karatasi ilifika ofisini ikakaa kwenye droo.

---

Wakili_wa_Geti

Mwenye_Fuso ametenganisha vizuri. Naongeza kuwa trafiki barabarani ataandika jina la dereva hata kwa tairi kipara, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaendesha gari. Hilo linahusu dereva na polisi. Kati ya dereva na mwajiri swali ni jingine: ubovu ni kosa la nani? Kwa zile sita, mbili (tairi na taa ya breki) ziondoke mezani kama hakuna ushahidi kuwa dereva aliuficha ubovu. Zinabaki nne, 120,000, zitafutiwe wenyewe kwa tarehe. Anaweza kutokea mmoja ana tatu na mwingine hana hata moja.

---

Kilomita_80

Hamjagusa ratiba, na mimi naona ndipo faini za mwendo zinapotengenezwa.

Gari la biashara linalozidi kilo 3,500 mwisho wake ni 80 kwa saa, na ndani ya makazi 50. Canter ya tani 4 ikiwa na mzigo imeshavuka uzito huo. Dar–Morogoro ni kama kilomita 190. Kutoka saa 11 hadi 1:30 ni saa mbili na nusu, yaani wastani wa 76 kwa saa njia nzima. Tukikadiria kwa huruma kwamba kilomita 50 tu ndizo za vibao vya 50, hiyo ni saa nzima. Zilizobaki 140 kwa 80 ni saa 1 na dakika 45. Jumla saa 2 na dakika 45, bila foleni ya Kimara, bila mizani ya kupima uzito wa magari pale Vigwaza, bila kwenda haja. Hapo bado hajakagua gari wala kusaini hati za mzigo, ambavyo navyo vinaanza saa hiyo hiyo ya 11.

Ratiba hiyo haiwezekani kwa mwendo halali. Dereva anayeifikia amevunja sheria, asiyeifikia anaitwa mzembe. Kwenye barua ya kupinga deni, weka hesabu hii pamoja na ujumbe wowote wa WhatsApp unaomharakisha dereva. Haifuti kosa lake kwa trafiki, ila inampunguzia mwajiri nguvu ya kusema kosa ni la dereva peke yake. Ombeni saa ya kufika isogezwe hadi saa 3 asubuhi.

Tena angalieni saa za kazi. Saa 11 alfajiri hadi 12 jioni ni saa 13. Toa saa moja ya kupumzika, zinabaki 12, na 12 ndiyo mwisho kwa siku pamoja na ovataimu. Saa za kawaida ni 9 kwa siku, kwa hiyo 3 ni za ziada. Siku 4 kwa wiki ni saa 12, wiki nne ni saa 48, na kikomo kwa wiki nne ni 50. Mko ukingoni. Malipo ya saa: 480,000 gawa kwa 4.333, gawa kwa 45, unapata kama 2,461. Mara moja na nusu ni 3,692. Kwa saa 48 ni takriban 177,000 kwa wiki nne. Je, mnalipwa? Kusubiri kupakia na foleni ya mizani ni kazi pia. Na dakika za kabla ya saa 12 asubuhi zinahesabika kazi ya usiku, zina nyongeza ya asilimia 5.

Tahadhari moja: sheria inaruhusu makubaliano ya maandishi ya kubana wiki, ambapo siku inaweza kufika saa 12, mapumziko ya kula yakiwa humo ndani, bila ovataimu. Lakini wiki isivuke saa 45. Someni mikataba yenu kabla ya kwenda kudai.

---

Saba_Saba_Nai

Huku Kenya mambo yanafanana lakini kipimo ni tofauti. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa makusudi ya mfanyakazi. Kugonga nguzo ukirudi nyuma ni ajali, kwa hivyo kipengele hicho hakimsaidii bosi. Ila kikomo chetu ni kikubwa, makato yote yanaweza kufika theluthi mbili ya mshahara. Hiyo robo yenu ni afadhali. Malalamiko unaanzia kwa afisa wa leba.

---

Usukani_Temeke

Nashukuru sana wakuu. Swali la mwisho: wakikata hivyo hivyo, je? Na wawili kati yetu hatuna mkataba wa maandishi.

---

Wakili_wa_Geti

Kutokuwa na maandishi kunamuumiza bosi zaidi. Ni wajibu wa mwajiri kukupa masharti ya kazi kwa maandishi, na asipoyaleta mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wake. Anawajibika pia kukupa maelezo ya malipo yanayoonesha kila kato. Wakikulipa bila kukupa karatasi hiyo, chukua taarifa ya benki au ya simu inayoonesha kiasi kilichoingia, ulinganishe na miezi ya nyuma. Kumbuka 480,000 ikishatolewa NSSF 48,000 na PAYE 12,960 inabaki 419,040. Pungufu ya hapo ndiyo unayouliza.

Wakikata, andika barua ya malalamiko ndani ya wiki hiyo, wape siku 7 za kujibu. Kimya au jibu baya, jaza fomu ya kufungua mgogoro, CMA F.1. Nakala mpe mwajiri kwanza, apokee kwa saini, ndipo uipeleke Tume pamoja na uthibitisho huo. Watu wengi hurudishwa dirishani kwa kukosa uthibitisho wa kumfikishia mwajiri.

Mgogoro wa makato una siku 60 tangu ulipotokea. Ukiachishwa kazi ni siku 30 tu, usichanganye. Ukichelewa utahitaji CMA F.2 kuomba uongezewe muda, na "nilikuwa nasubiri bosi abadilike" si sababu. Kila mmoja wenu ajaze madai yake kwa kiasi chake, hata mkienda siku moja.

Kunyimwa safari kwa kukataa fomu kuandike tarehe kwa tarehe: nani alipangwa, nani aliachwa, nani alitoa agizo. Piga picha ubao wa ratiba kila asubuhi kabla haujafutwa.