Mjadala: Askari alazimishwe kusoma kriminolojia chuoni kwanza?

Mjomba Mtu
Wakuu, heshima kwenu. Mpwa wangu anamaliza sekondari na kashikilia kitu kimoja tu: kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, na haki jinai. Jana tumebishana mpaka usiku wa manane. Mimi nasema kama ni uaskari aende depo, watamfundisha hukohuko. Yeye anasema mtu hata gwanda asipewe kabla hajasoma uhalifu unatoka wapi. Nikaona nililete hapa: ingepitishwa sheria kwamba kila askari awe na shahada hiyo kabla ya kuajiriwa, mngeunga mkono? Leteni hoja, matusi hapana.

Chuma cha Pua
Hiyo ni kozi ya waliozidisha tamthilia za upelelezi. Wanaingia wakijiona tayari na koti refu na kioo cha kukuzia, wanatoka hata maelezo ya shahidi hawajui kuyaandika. Nimemaliza.

Binti Jalada
Chuma cha Pua, hujamaliza, hata kuanza hujaanza. Niko mwaka wa tatu na hicho kioo sijawahi kukigusa. Mambo ya damu na alama za vidole yana kozi yake, ni sayansi ya maabara. Sisi tunasoma kwa nini watu wanavunja sheria, nani aliamua kitu fulani kiitwe kosa, na polisi, mahakama na magereza vinafanyaje kazi na vinakwama wapi. Waathirika wa uhalifu pia tunawasoma, na adhabu, na takwimu hadi kichwa kinauma. Na maelezo ya shahidi nayaandika vizuri kuliko wewe unavyochangia mada.

Chuma cha Pua
Povu la nini sasa dada? Nilitania.

Koplo Mstaafu
Binti yangu, poa. Mimi nina miaka 31 ya kazi, nimestaafu salama. Niwaambie kitu kimoja: mwizi hatafutwi kitabuni. Mwizi yuko machoni. Akiingizwa chumba cha mashtaka, kabla hajataja jina lake, umeshamjua. Hilo hakuna profesa wa kulifundisha.

Sina Upande
Mzee shikamoo. Ila kuna Mfaransa mmoja wa zamani alisema karibu hayohayo, kwamba mhalifu unamjua kwa taya na masikio. Akaishia kuchekwa.

Karani wa Korti
Si Mfaransa, ni Mwitaliano. Cesare Lombroso, daktari, kitabu chake kilitoka 1876. Kazi yake ilikuwa kupima mafuvu na sura za wafungwa, akasema kuna watu wamezaliwa wahalifu. Mimi huwa najiuliza: alipima wafungwa, yaani waliokamatwa. Waliokimbia wakaokoka masikio yao aliyaona wapi?

Koplo Mstaafu
Nimesema macho. Nani kataja masikio? Msinilishe maneno.

Kichwa Ngumu
Mzee yuko sahihi. Uzoefu ni uzoefu. Wasomi wa humu hawajawahi hata kumkimbiza kibaka.

Binti Jalada
Sawa, tuzungumzie macho. Mwaka wa kwanza, mhadhiri yuko ubaoni, mlango ukafunguliwa. Akaingia mtu, akauchukua mkoba wa mhadhiri pale mezani, akatoka. Wala hakukimbia. Darasa zima tumeduwaa. Mhadhiri akageuka, akagawa karatasi: andikeni mlichokiona, na mwisho wa karatasi mseme mna uhakika kiasi gani. Mimi niliandika mrefu, shati la bluu, ana ndevu. Jirani yangu akaandika koti jeusi. Mmoja akaapa kabisa kwamba jamaa alishika kisu. Robo saa baadaye yule mtu akarudi na mkoba mkononi, anacheka. Shati la kijani. Kidevu hakina unywele hata mmoja. "Kisu" kilikuwa bunda la funguo. Na mimi kwenye uhakika nilikuwa nimejipa kumi juu ya kumi.

Kichwa Ngumu
Hao ni wanafunzi, walishtuka. Askari mzoefu hashtuki.

Karani wa Korti
Tatizo linaanzia kabla ya kufika kwa askari, mkuu. Kuna Mmarekani anaitwa Kirk Bloodsworth, alihukumiwa kifo mwaka 1985 kwa mauaji ya mtoto. Mashahidi watano walimtambua. Watano! Mwaka 1993 vipimo vya DNA vikaonyesha si yeye. Hao watano hawakuwa waongo, kila mmoja aliamini macho yake.

Koplo Mstaafu
Ya Marekani mwachieni Mmarekani. Mimi nawapa ya kwangu. Usiku mmoja duka limevunjwa, tumekusanya vijana sita waliokutwa jirani. Wote wanalia hawajui kitu. Nikawatazama mmoja mmoja, nikamwambia mwenzangu, yule wa tatu. Akanicheka. Yule wa tatu suruali yake ilikuwa safi, ila magotini ina vumbi jeupe, la chokaa. Ukuta wa nyuma wa lile duka ulikuwa umetobolewa chini kabisa, mtu huingii bila kutambaa. Kabla ya alfajiri mali yote imepatikana. Sasa niambieni, nilisomea wapi?

Chuma cha Pua
Mzee, kwa heshima zote, hayo ni magoti. Macho yako wapi hapo?

Sina Upande
😂😂 Nimecheka mpaka nimeamsha watu.

Binti Jalada
Babu, hiyo ndiyo kazi yenyewe! Uliangalia chokaa, ukaangalia tundu la ukuta, ukaunganisha. Ungekwenda kwa macho labda ungemshika yule aliyekuwa anatetemeka kuliko wote, na pengine anatetemeka baridi tu.

Koplo Mstaafu
Aliyekuwa anatetemeka sana alikuwa wa tano. Alikuwa na homa. Lakini sipendi mtu aliyezaliwa juzi anieleze kazi niliyoifanya mimi.

Sina Upande
Hakuna anayekudharau, mzee wetu. Na ujue walioisukuma elimu hii iingie vyuo vikuu ni askari wenzako. August Vollmer alikuwa mkuu wa polisi mji wa Berkeley, Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita, na ndiye aliyekazana polisi waende chuo. Mwenyewe hata shahada hakuwa nayo.

Koplo Mstaafu
HAKUWA NA SHAHADA. Asante. Mmesikia wote?

Binti Jalada
Sina Upande, uko upande gani hasa?

Kichwa Ngumu
Mimi naona tunapoteza muda. Ongezeni askari barabarani, magari yazunguke usiku na mchana, wezi watakimbia wenyewe. Shahada ni mbwembwe.

Karani wa Korti
Hilo lilijaribiwa Kansas City, Marekani, 1972 hadi 1973. Maeneo mengine waliondoa doria ya magari, mengine wakaiacha kama ilivyo, mengine wakaizidisha mara mbili mpaka tatu. Uhalifu haukutofautiana kwa maana, na wakazi wala hawakugundua kwamba doria imebadilika.

Kichwa Ngumu
Kwa hiyo unasema polisi hawana kazi? Siku ukivunjiwa mlango usiwapigie basi.

Karani wa Korti
Nimezungumzia gari linalozunguka tu bila shabaha. Ukipiga simu na gari likaja, hiyo ni habari nyingine. Soma mara mbili ndugu yangu, usome na magoti yakibidi.

Chuma cha Pua
Tukirudi kwenye mada, mimi hofu yangu ni moja. Askari msomi ataomba rushwa kwa ustadi zaidi. Atakupa na risiti.

Binti Jalada
Unatania tena, lakini hilo nalo lina mada yake darasani. Edwin Sutherland, Mmarekani aliyekuwa msomi wa uhalifu, aliwaambia wasomi wenzake mwaka 1939 kwamba wanawachunguza maskini tu, wakati wenye tai wanaiba maofisini. Kabla ya kuisoma hiyo mimi nikisikia "mhalifu" nilikuwa naona kijana wa kichochoroni. Sikuwahi kumuona mhasibu.

Chuma cha Pua
Mimi ni mhasibu.

Sina Upande
Tuonyeshe magoti.

Mjomba Mtu
Jamani, swali langu limezikwa wapi? Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa na kijana ananidai jibu. Nimsainie au nisimsainie?

Karani wa Korti
Kuwalazimisha askari wote, hapana. Utawafungia nje vijana wazuri ambao chuo hawakukipata. Ila anayetaka upelelezi, au kazi na wafungwa na walio nje kwa masharti, asome. Ajue tu kwamba cheti hicho hakimpi uaskari moja kwa moja, na uwakili ndio kabisa, hiyo ni shahada ya sheria.

Binti Jalada
Mjomba, huyo kijana hesabu anaziweza? Nusu ya marafiki zangu waliikimbia kozi kwa ajili ya takwimu. Walidhani ni hadithi za wauaji mwanzo mwisho.

Mjomba Mtu
Ngoja nimuulize.

Mjomba Mtu
Nimemuuliza. Anasema anajua kuna takwimu, ndiyo maana wiki nzima daftari la hesabu liko mezani. Mimi nilidhani limesahauliwa pale.

Chuma cha Pua
Magoti yake umeyaangalia lakini?

Koplo Mstaafu
Mwacheni mtoto asome.