Naomba ushauri: Mwanza hadi Nansio kwa mashua ndogo ya tanga

Mangi wa Kiboriloni: Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi. Desemba nataka kuvuka Ziwa Victoria, Mwanza hadi Nansio kisiwani Ukerewe, kwa mashua ya tanga, futi 16, haina injini. Nibebe nini cha usalama? Usingizi sipati.

Binti Njiro: Bwawa la Nyumba ya Mungu liko hapo jirani yako, kaka. Kwa nini usianzie huko?

Fundi Ngaramtoni: Mko wangapi, mnaondoka saa ngapi?

Mangi wa Kiboriloni: Wachache tu, mkuu.

Fundi Ngaramtoni: Taja idadi, ndugu.

Mangi wa Kiboriloni: Sita. Mimi, shemeji, mke wangu na watoto watatu, mdogo ana miaka 5. Wanaojua kuogelea ni wawili. Tunaondoka saa 9 usiku, ziwa likiwa limetulia. Jaketi okozi zipo nne, na mwenye mashua nimeshamlipa nusu.

Fundi Ngaramtoni: Ni kama kilomita 50. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, hizo ni saa 10, upepo ukikubali. Na usiku ndio wa kuogopa: upepo wa nchi kavu huingia ziwani kutoka pande zote, ukikutana katikati hewa hupanda na kuzaa ngurumo hadi alfajiri. Ufukweni hutaliona hilo. Watoto na mama yao wapande meli.

Mangi wa Kiboriloni: Nimeshawaahidi mashua.

Mzee wa Sekei: Mwanangu, MV Nyerere ilipinduka Septemba 20, 2018 ikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, imejaza kupita kiasi. Wapeleke kwa meli.

Binti Njiro: Mimi naona chai hapa. Tanga lenyewe la namna gani?

Mangi wa Kiboriloni: Si chai, dada. La pembetatu, foromali (mti unaobeba tanga) ndefu, demani (kamba ya kuvutia tanga) inafungwa kwenye kigingi nyuma.

Fundi Ngaramtoni: Iwe chai isiwe chai, hapo pana hatari. Demani haifungwi fundo. Inazungushwa kigingi mara moja na mtu anaishika mkononi. Dhoruba ikipiga, anaiachia na tanga linamwaga upepo. Ikiwa imefungwa, mashua inalala na kujaa maji. Chini ya viti kaza madumu manne matupu ya lita 20 yenye vifuniko, ili ikijaa isizame. Mkipinduka, ishikilieni, msiogelee kutafuta nchi kavu. Jaketi ni moja kwa kila mtu. Ya mtoto, mvalishe, shika mabega ya jaketi umnyanyue. Ikipanda masikioni, ni kubwa.

Mangi wa Kiboriloni: Mama na watoto watapanda meli. Hayo madumu nifunge kwa kamba gani?

Fundi Ngaramtoni: Nailoni ya milimita 8. Pitisha kwenye mkono wa dumu, zungusha kiti mara mbili, kisha livute kwa nguvu zako zote. Likicheza, funga upya.