Xmodem, Ymodem-G, Zmodem au Kermit: ipi inafaa kwa modemu za 33.6?

KamandaAT: Wakuu, salaam. Upande mmoja kompyuta ya 486 yenye Windows 95 na HyperTerminal (programu ya mawasiliano ya modemu), upande wa pili Linux yenye lrzsz (programu za Xmodem, Ymodem na Zmodem) na C-Kermit. Modemu zote za nje, kilobiti 33.6 kwa sekunde, laini ya simu ya kawaida. Mafaili ni zip za megabaiti 6. Xmodem inatoa baiti 500 hivi kwa sekunde, yaani faili moja zaidi ya saa tatu. Nibadili itifaki (utaratibu wa kutuma faili) au mipangilio ya modemu?

BitiNane: Anza na itifaki mkuu, hapo ndipo unapopoteza zaidi. Xmodem hutuma baiti 128 kisha inanyamaza ikisubiri jibu la baiti moja. Kwenda na kurudi, ukiwemo muda ambao modemu zenyewe zinachakata, weka milisekunde 200. Kutuma bloki yenyewe ni milisekunde 40 tu. Kwa hiyo laini inakaa bure muda mwingi kuliko inavyofanya kazi, na modemu ya kasi zaidi isingekusaidia. Ymodem yenye bloki za baiti 1024 itakufikisha kama 2000 kwa sekunde kwa sababu unasubiri mara chache. Zmodem haisubiri kabisa: inamimina mfululizo, mpokeaji anapiga kelele pale tu penye kosa, na mtumaji anarudi hadi mwanzo wa kipande kilichoharibika. Simu ikiwa safi, faili lako litamaliza chini ya nusu saa.

kifurushi_g: Nampinga kidogo BitiNane. Ymodem-G nayo haisubiri, na haina gharama ya Zmodem ya kuwekea alama herufi za udhibiti (kutanguliza baiti ya ziada mbele yake). Modemu zikishakubaliana V.42 (kanuni ya modemu kusahihisha makosa), masahihisho yanafanyika humo humo, ya nini kusahihisha mara mbili?

BitiNane: Gharama hiyo tuipime basi. Zmodem huongezea alama thamani saba kati ya 256 (24, kisha 16, 17, 19 na wenzake wa juu 144, 145, 147). Kwenye zip hiyo ni chini ya asilimia 3, yaani sekunde 50 hivi kwa faili lote. Ymodem-G ikikuta kosa moja inafuta uhamisho wote na haiwezi kuendelea ilipoishia. Kuokoa sekunde 50 kwa hatari ya kurudia megabaiti 6 si biashara.

kifurushi_g: Sawa, nimekubali kwa mafaili makubwa.

DirishaLaKermit: Kermit isidharauliwe, ila ijulikane mahali pake. Ilivyozoeleka ina pakiti za baiti 94 na inaweka alama karibu robo ya thamani zote, ndiyo maana watu wanaiona kobe. Mpokeaji ndiye anayetangaza ukubwa wa pakiti. Ukiuongeza kwa mtumaji peke yake hakuna kitakachobadilika, na hapa wengi hukwama. Kwenye 486 tumia MS-DOS Kermit, uandike `set receive packet-length 2000` na `set window 8` (pakiti nane zitumwe bila kusubiri jibu). Kwenye Linux: `set window 8`, `set prefixing cautious`, `set file type binary`. Itaikaribia Zmodem. Ila kwa laini inayopitisha biti 8 bila kumeza herufi yoyote, sioni sababu ya kuhangaika nayo. Itafute pale njiani panapokuwa na mashine inayopitisha biti 7 tu, au inayokula herufi nyingine za udhibiti.

mlango_com1: Kabla ya yote, ile 486 ina chipu gani ya mlango wa siriali? Toka Windows, endesha MSD.EXE (programu ya Microsoft ya kukagua mashine) ukiwa kwenye DOS tupu, bonyeza C. Ndani ya Windows jibu lake haliaminiki.

KamandaAT: Inasema 8250. Nimejaribu Zmodem, mlango ukiwa kwenye biti 115200 kwa sekunde: inaanza vizuri, halafu makosa ya CRC (hesabu ya kukagua data) kila baada ya sekunde chache. Nahisi laini ina kelele.

mlango_com1: Laini haina hatia. V.42 ikiwa imewaka, kelele za laini hazikufikii kama makosa ya CRC. Zinakufikia kama kusitasita, kwa sababu modemu zinarudiana zenyewe. CRC ikikataa, baiti zimepotea kati ya modemu na kompyuta.

8250 na 16450 hushika baiti moja tu. Kwa 115200 baiti mpya inafika kila mikrosekunde 87. Prosesa ikichelewa kwa sababu diski inaandika, baiti mpya inafuta ya zamani. RTS/CTS (nyaya za kusimamisha na kuruhusu mtiririko wa data) haikuokoi hapo, maana ni programu inayoshusha RTS, na programu hiyo ndiyo iliyochelewa. 16550A ina bafa (hifadhi ya muda) ya baiti 16. Ikipangwa kuita prosesa kwenye baiti ya 14, inabaki nafasi ya mbili tu. Ikipangwa kwenye ya 8, unapata karibu mikrosekunde 700 za kupumua. Kwenye Windows 95: Control Panel, Modems, Properties, Connection, Port Settings, kisha sogeza kitelezo cha kupokea kushoto hatua moja.

Kama kadi yako ina chipu ya miguu 40 kwenye soketi, chomoa, weka 16550AFN, kibonyeo kikielekea upande ule ule. Usichukue 16550 isiyo na A, bafa yake ina kasoro. Ukibaki na 8250, shusha mlango hadi 38400 na uridhike na baiti 3840 kwa sekunde. Ukishabadilisha, 57600 inatosha kwa zip: V.42 huondoa biti za kuanza na kumaliza, 33600 inakuwa baiti 4200 kwa sekunde, na hakuna cha kubana tena.

LainiKavu: Tukiwa kwenye kubana: zima MNP5 (mbinu ya zamani ya modemu kubana data). V.42bis (mbinu mpya zaidi) ikiona data haibaniki inaiacha ipite, ila MNP5 inaweza kuinenepesha zip. Na angalia mtego huu: `&K3` kwenye modemu zenye chipu za Rockwell ni kuwasha RTS/CTS, kwenye USRobotics ni kuzima MNP5. Usinakili mstari wa mwenzako bila kujua chipu.

Rockwell: `AT&F&C1&D2&K3\N2%C2`
USRobotics: `AT&F1&M5&K3`

`\N2` na `&M5` hukata simu V.42 au MNP (kanuni nyingine ya kusahihisha makosa) ikikosekana, bora hivyo kuliko kuunganishwa bila masahihisho. Baada ya kukata simu, kwenye USRobotics andika `ATI6` upate ripoti ya simu hiyo. Ukiona Blocks resent (vipande vilivyotumwa upya) nyingi au Retrains (modemu kujipanga upya) mfululizo, funga kasi kwa `&N13`, yaani 26400. Kasi ndogo isiyoyumba itafika kabla ya 33600 inayojipanga upya kila dakika.

KamandaAT: Nimeweka 38400, Zmodem, makosa sifuri, 3700 na kitu. Natafuta 16550AFN. Simu ikikatika katikati?

BitiNane: Upande wa Linux tumia `sz -b -r jina.zip`, HyperTerminal chagua Zmodem with Crash Recovery, kama toleo lako lina chaguo hilo. Inaendelea kwa kuangalia urefu wa kipande kilichopo, kwa hiyo kama zip imebadilishwa upande wa Linux tangu jaribio la kwanza, futa kipande kwanza. Vinginevyo utaunganisha kichwa cha faili moja na mkia wa lingine.