Mashine ya shoti za umeme kwa aliyepooza miguu, mdogo wangu atatembea kweli au tunaliwa hela?

Dada wa Igoma
Habari za jioni wadau, naombeni msaada wa mawazo maana nyumbani hakukaliki. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anabeba samaki pale mwalo wa Kirumba, mwaka jana boda aliyopanda akitokea Kisesa ikagongana na Hiace akavunjika mgongo. Madaktari walisema ni T8, yaani pingili ya nane ya mgongo upande wa kifua, akafungwa vyuma, tangu hapo kuanzia juu kidogo ya kitovu kushuka chini hasikii kitu wala hatikisi kidole. Sasa wiki hii kaja jamaa kwa mama na kimashine cha nyaya na vibandiko, akambandika mapajani akawasha, jamani mguu ukanyanyuka! Mama alilia. Jamaa anataka milioni nne, anasema miezi mitatu atasimama, na mama ameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja chetu cha Buhongwa. Mimi nimeona video ya mzungu aliyepooza anatembea na magongo kwa kuwekewa umeme mgongoni, ndo mashine hiyohiyo? Halafu usiku miguu yake huwa inarukaruka yenyewe, mama anasema mishipa inaamka. Naombeni anayejua aniambie ukweli hata kama unauma.

Fizio_Kandaloziwa
Pole sana dada, na pole kwa mama. Mimi nafanya kazi ya mazoezi tiba, na wagonjwa wa mgongo ndo nawaona kila siku, wa boda na walioanguka kwenye miembe.

Kwanza simamisheni hiyo habari ya kiwanja. Mguu kunyanyuka ni kweli umenyanyuka, hakuna kiini macho, ila sikiliza sababu yake. Umeme wa vibandiko unaichokoza neva inayoingia kwenye msuli pale pale pajani, msuli unajikunja. Ubongo haujahusika na jeraha la mgongoni halijaguswa, hata mimi ukinibandika nikiwa nimelala mguu utaruka. Ukizima mashine na kazi imeishia hapo. Sisemi umeme huo hauna maana, kuna watu wanabandikwa hivyo wakaendesha baiskeli maalumu kwa miguu iliyopooza na inasaidia misuli isinyauke na damu itembee vizuri, Marekani tangu 1994 waliruhusu hadi mfumo wa kumsimamisha mtu apige hatua fupi akiwa ameshika fremu. Lakini hapo ni mashine inayotembeza, uti wa mgongo haujapona.

Hiyo ya kwenye video ni kitu kingine kabisa. Wanapasua mgongoni wanaweka kisahani chenye elektrodi, yaani vipande vya kupitishia umeme, juu ya utando unaofunika uti wa mgongo, sehemu iliyo chini ya jeraha inayohusika na miguu. Pale kuna saketi za neva ambazo hazikufa, zimenyamaza tu kwa kukosa amri kutoka juu. Umeme unaziamsha kupitia neva zinazoleta taarifa kutoka miguuni, zikishakuwa macho basi hata amri dhaifu ya ubongo inayopenya kwenye nyuzi chache zilizosalia inasikika. Maana watu wengi wanaoambiwa "umekatika kabisa" kumbe kuna nyuzi zimebaki.

Wa kwanza kutangazwa ni Rob Summers, mcheza besiboli wa Marekani aliyegongwa na gari 2006, timu ya Susan Harkema ikaandika habari zake 2011. Alisimama, akaweza na kusogeza miguu kwa hiari yake umeme ukiwa umewashwa. Lakini kabla ya kuwekewa alifanyishwa mazoezi ya kutembezwa mara 170 kwa miezi 26! Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia miezi mitatu na kaboksi ka kubandika, jiulize.

Nakuuliza mambo mawili: miguu ikirukaruka huwa inakaza au imelegea muda wote? Na ngozi yake mnaikagua?

Ng'wana Luchelele
Dada pole. Mimi niliruka kwenye mawe ziwani nikiwa kijana, maji yalikuwa mafupi, shingo ikaenda, C6, pingili ya sita ya shingo. Kwa hiyo naongea kama mwenye mwili huu. Watu wakija kukuona wanauliza utatembea lini, hakuna anayeuliza mkojo unautoaje wala unashikaje kijiko. Kuna mtafiti Marekani anaitwa Kim Anderson, 2004 aliandika majibu ya watu 681 waliovunjika mgongo na shingo, sisi wa shingo tuliweka mikono namba moja, na wale wa miguu tu waliweka mambo ya ndoa namba moja, kutembea hakukuwa juu kabisa kama watu wanavyodhani. Ndo maana mimi habari iliyonigusa zaidi ni ya 2024, kuna mashine ya kubandika shingoni kwa nje bila upasuaji, waliijaribu kwa watu 60 wenye jeraha la shingo pamoja na mazoezi ya mikono, asilimia 72 wakapata nafuu ya nguvu na matumizi ya mikono, hata waliokaa miaka mingi sana baada ya ajali. Desemba mwaka huohuo Marekani wakairuhusu, kwa mikono, na kwa wale ambao jeraha halijakata kabisa. Haijafika kwetu, ila naifuatilia na sitaacha. Wewe mwambie mdogo wako maisha ya wilicheya ni maisha, mimi nina duka na nina mke.

Mwana Ukerewe
Nyie msimkatishe tamaa mama wa watu bwana. Nimesoma kuna Mholanzi Gert-Jan Oskam alipooza kwa ajali ya baiskeli China 2011, watafiti wa Uswisi wakamwekea vifaa kwenye fuvu na mgongoni, akifikiria kutembea mguu unatii, hiyo ni 2023 tu hapa. Kama kiwanja kinaweza kumfikisha Uswisi si kiuzwe?

Fizio_Kandaloziwa
Mkuu tamaa siikatishi, naipenda kazi ya akina Courtine na Bloch, hao watafiti waliomfanyia Oskam pale Lausanne, Uswisi, na namwombea kijana huduma hiyo ifike kwetu. Ila ile ni majaribio ya utafiti, wanachagua mtu wao kwa vigezo vyao, huendi na hela ukanunua nafasi. Na kliniki za nje zinazouza upasuaji huo kwa mtu yeyote mwenye pesa mimi ningekaa nazo mbali. Huyo Oskam mwenyewe alikuwa na nyuzi zilizosalia na alishafanya mazoezi miaka kwenye majaribio mengine kabla. Tena kwenye utafiti wa Louisville, Marekani, wa 2018 wa kuweka umeme mgongoni, wagonjwa walikuwa wanne, wawili wakaweza kutembea kwa kushikilia vifaa, na mmoja alivunjika nyonga mazoezini maana mifupa isiyobeba uzito inadhoofika. Na huyo alikuwa mikononi mwa mabingwa. Sasa huku nani anapima mifupa kabla ya kumsimamisha mtu?

Dada wa Igoma
Asanteni sana kaka zangu, mmenitoa gizani. Miguu inakaza kwanza halafu inatetemeka, hasa akigeuzwa au shuka likimgusa.

Nimeenda kumkagua baada ya kusoma swali lako kaka Fizio. Pale alipobandikwa paja la kulia kuna duara jekundu na lengelenge limejaa maji, yeye hajui lolote maana hasikii. Mama anataka kupaka dawa ya meno.

Fizio_Kandaloziwa
Dada hilo ni jeraha la kuungua, umeme umemchoma na hakuweza kusema. Msipake dawa ya meno, msipake asali wala mafuta, lengelenge msilipasue. Funika kwa kitambaa safi kikavu, asilalie upande huo, na kesho asubuhi mpelekeni hospitali bila kuchelewa, mtu wa mgongo kidonda kidogo kinaweza kumlaza miezi. Hiyo mashine isimguse tena.

Kuhusu kukaza, hiyo inaonyesha saketi za chini ya jeraha ziko hai ila haziongozwi na ubongo, si dalili kwamba ameanza kupona, mweleze mama taratibu. Ila ni habari nzuri kwa njia yake, kwa sababu wale ambao miguu imelegea kabisa kwa jeraha la chini ya hapo, neva zenyewe za kwenda msulini zimekufa na umeme wa aina hii unakuwa na kazi ndogo sana kwao. Mkimtunza ngozi, mnamnyoosha viungo kila siku visikakamae, mkojo unatolewa kwa wakati, basi siku huduma ikifika atakuwa na mwili wa kuipokea. Ukienda kesho beba na picha za MRI na karatasi ya operesheni, uliza wakupeleke kitengo cha mazoezi hapohapo, uliza na godoro la kuzuia vidonda. Hela ya kwanza iende kwenye hilo godoro.

Ng'wana Luchelele
Na ukitoka huko nitafute inbox, nina mto wa kukalia wa wilicheya wa akiba, hamtanunua.