Randa ya visu kumi na tisa pale Kibuye: ninunue au niiache?

Karani wa Migosi

Wadau, naombeni ushauri kabla ya Jumapili.

Mimi ni karani, siku tano kwa wiki. Jumamosi ninakuwa seremala kwenye kibaraza cha nyuma cha nyumba ya kupanga hapa Migosi, Kisumu, hatua nne kwa mbili. Hakuna fundi aliyenifunza. Miaka mitatu iliyopita nilimtengenezea mama kigoda, akakipenda, na tangu hapo sijaacha.

Januari mwaka huu nilibandika karatasi ndogo kwenye kila kifaa nilicho nacho, na kila nikikitumia ninapiga mstari mmoja wa kalamu. Vifaa ni thelathini na kimoja. Jana usiku nimekaa chini nikahesabu. Karatasi ya msumeno wa mkono imejaa mbele na nyuma. Futi, skwea, nyundo na drili navyo vimefanya kazi sana. Patasi ya inchi moja ina mistari sita. Lakini vifaa kumi na vinne havina hata mstari mmoja. Kuna rauta, ile mashine ya stima ya kuchonga kingo na mifuo, niliyoinunua elfu tisa na mia tano. Kuna klampu za kona. Kuna seti ya patasi kumi na mbili za nakshi, bado zina mafuta ya kiwandani. Na kuna randa ya chuma namba 4 niliyoitumia mara mbili mwaka juzi, ikachanachana mbao, nikairudisha kabatini.

Kila kimoja nilikinunua nikiwa na kazi kichwani. Rauta ilikuwa ya meza ya kulia chakula. Ninaiona hiyo meza hadi leo, miguu yake, kingo zake zilizozungushwa, watoto wamekaa. Nikilipa pesa ya kifaa ninasikia kama nusu ya meza imekwisha. Meza yenyewe haipo. Watoto wanakula mikononi, sahani juu ya magoti, na jambo hilo linaniuma.

Sasa Jumapili iliyopita nilikuwa soko la Kibuye, kule wanakotandaza vyuma vikuukuu chini, nikaona randa ya zamani ya visu vingi. Imo ndani ya sanduku lake la mbao, visu vimelazwa kila kimoja mahali pake, kumi na tisa: vyembamba vya kukata mfuo, vipana vya kukata ngazi ukingoni, na vile vilivyopinda vya kupiga michirizi ya mapambo. Mwenyewe anataka elfu nane. Nimemwachia elfu moja aniwekee.

Mke wangu hakupinga. Aliuliza tu, "Ni ya kutengenezea nini?" Sikuwa na jibu, na swali hilo limenikaa wiki nzima.

Mnaoijua hii randa, mnaitumia kweli? Na ninyi mnaamuaje kifaa gani kije nyumbani na kipi kibaki sokoni?

Fundi wa Vitanda

Karani, mimi niko hapo hapo Kibuye. Vitanda na viti vya sofa, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Nikuambie nilicho nacho: misumeno miwili, randa moja, patasi tatu, nyundo, skwea, drili, klampu sita, kinoo. Basi. Mbao nikinunua napeleka kwa mwenye mashine, anapasua na kupiga randa, tunahesabu futi, namlipa. Mteja akitaka ukingo wa maua, kuna kijana mwenye mashine ya hiyo kazi vibanda vitatu kutoka kwangu. Yeye alinunua mashine kwa sababu sisi wote tunampelekea. Inamlisha kila siku.

Hiyo randa ya visu vingi naijua, mzee aliyenifunza alikuwa nayo. Ni kifaa kizuri, inakata mfuo wa sakafu ya droo ukanyooka kama uzi. Lakini visu kumi na tisa ni visu kumi na tisa vya kunoa, na vile vilivyopinda havinoleki kwenye jiwe bapa, kila kimoja kina umbo lake. Mzee wangu alitumia viwili, vingine vyote vilikuwa na kutu.

Nina swali moja tu. Hiyo namba 4 iliyochana mbao, kisu chake ulikinoa lini? Nimesoma orodha yako mara mbili, sijaona kinoo.

Mama Karakana, Nakuru

Kaka, nimesoma hiyo ya karatasi nikasimama. Mimi nina karakana ndogo Free Area, vijana wanne, na kesho naanza kubandika.

Nitakuambia kosa langu. Kuna wakati mzigo wa mashine kuukuu kutoka Uingereza uliletwa mahali, nikaona msumeno wa umeme wa mviringo, mzito, chuma kizima, bei ya kutupa. Sikuwa na kazi nao. Nilisema fursa hairudi. Muuzaji alikuwa ameshakata plagi yake ya manjano akaweka hii yetu ya miguu mitatu. Nikafika, nikauchomeka. Ulilia sauti ambayo sijawahi kusikia, ukatoa moshi, ukanyamaza. Haukumaliza hata ubao mmoja. Fundi wa stima ndiye aliyenionyesha kibati chake: volti 110. Huko Uingereza kwenye mijengo mashine nyingi hutumia volti 110 kupitia transfoma ya manjano, ili mtu akikata waya asife. Stima yetu ni volti 240. Kwa hiyo mnaonunua mashine za mitumba, kibati kwanza, rangi ya plagi kwanza. Na ukikuta plagi imebadilishwa, uliza kwa nini.

Tangu siku hiyo kazi ngeni ikija, mara ya kwanza napeleka kwa mwenye mashine na kumlipa. Ya pili pia. Ya tatu ikija ndipo nafungua daftari nione nimelipa ngapi. Rauta nimeinunua kwa njia hiyo, ilikuwa ya milango ya makabati, na nikajua hata ukubwa wa kisu chake cha kununua. Hapo pia jichunge: rauta yenye mdomo wa milimita 12 haiingii kisu chenye mkia wa nusu inchi, kwa sababu nusu inchi ni milimita 12.7. Yako ni ya ukubwa gani? Ukiiuza, niambie.

Mwana wa Kakamega

Msimkatishe ndugu yetu tamaa jamani. Kuna upande mwingine.

Nilinunua keekee ya mkono, ile ya kuzungusha, kwa mia tano, kutoka kwa mzee aliyekuwa akihama. Nina drili ya stima, kwa hiyo ilining'inia ukutani miaka minne. Kisha jirani akafiwa na mama yake wakati wa mvua kubwa, jeneza lilitakiwa asubuhi ya Ijumaa, na stima ilikuwa imepotea tangu Jumatano. Tulifanya kazi usiku kucha kwa taa ya mafuta. Matundu yote ya vishikio na skrubu yalitoka kwa ile keekee. Asubuhi mama wa watu alilala mahali pa heshima. Kama ningehesabu mistari kwenye karatasi, ningekuwa nimeiuza zamani.

Kwa hiyo mimi nasema kifaa cha mkono kisichokula stima, cha bei ndogo, ukikipata kizima kichukue. Elfu nane ni hadithi nyingine, hapo nakubaliana na Fundi.

Karani wa Migosi

Nimerudi. Ni Jumapili usiku.

Fundi, swali lako lilinipata. Sijawahi kukinoa. Nilidhani randa mpya inatoka dukani ikiwa tayari. Ijumaa jioni nilinunua kinoo cha pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini, na karatasi za msasa wa maji. Jumla haikufika elfu moja na mia tano.

Jumamosi nilitoa kisu nikakitazama kwa mara ya kwanza. Mgongoni kina mistari midogo ya mashine ya kiwandani, imepita kukingama. Nililaza msasa juu ya kioo cha dirisha la zamani nikausugua ule mgongo, sehemu ya mbele tu karibu na makali. Baada ya dakika kumi pembe mbili ziling'aa na katikati kukabaki kweusi. Yaani kisu kilikuwa na bonde. Ilinichukua saa moja na nusu hadi ule weusi ukaisha kabisa, mpaka kwenye makali. Kisha nikaja kwenye kinoo na tone la mafuta ya taa, nikakishika kwa mwinamo wa kama digrii 30, hadi nikasikia kwa kidole ule uzi mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Nikakigeuza kisu, nikautoa huo uzi. Kile chuma cha juu kinachokifunika kisu nilikuwa nimekifunga mbali sana na makali. Nimekisogeza kikabaki kama milimita moja na nusu.

Kwenye ubao wa saiprasi yalitoka maranda marefu kama utepe, yakajikunja mkononi, harufu ikajaa kibarazani. Ubao ukawa unateleza. Binti yangu alikusanya maranda kwenye beseni akakataa yasitupwe. Randa niliyoiona mbovu kwa miaka miwili! Imepata mistari minne kwa siku moja.

Leo nimekwenda Kibuye. Lile sanduku lilikuwepo, na ni zuri vile vile, ila safari hii nilitoa visu kimoja kimoja nikavielekeza kwenye jua. Vyote kumi na tisa vina makali meupe, vinaakisi mwanga, yaani ni butu. Jumapili iliyopita sikuviona hivyo. Nimemwomba muuzaji radhi. Amenirudishia mia saba, mia tatu amebaki nazo kwa kuniwekea wiki nzima, na ni haki yake. Kwa mia saba na nyongeza kidogo nimenunua mbao mbili za mguu wa meza.

Dada wa Nakuru, rauta ni ya milimita 12. Tuzungumze faraghani.

Fundi, bado kuna jambo. Maranda yanatoka mazito upande wa kushoto na upande wa kulia hakuna kitu. Na kwenye kifundo cha saiprasi bado inachana. Nimekosea wapi?

Fundi wa Vitanda

Kuna kijiti nyuma ya kisu kinachokwenda kushoto na kulia. Kisogeze kidogo kidogo, jaribu, sogeza tena, hadi maranda yatoke sawa pande zote mbili. Kwenye kifundo punguza kisu kabisa, na piga kutoka upande wa pili wa ubao. Usianze na mvule kwa sasa. Mvule hubeba mawe ndani yake, yatakula hayo makali yako mapya.

Jumapili ijayo njoo nayo kibandani, na huo mguu wa meza pia. Uliza wa vitanda, watakuonyesha.