Tumbili wa utafiti anazunguka kutwa na kujing'oa manyoya, nifanyeje?

Kijana wa Fildi
Wakuu habari za saa hizi. Nasoma tiba ya wanyama mwaka wa nne, nipo fildi sehemu wanafuga tumbili kwa ajili ya utafiti, sehemu yenyewe naomba nisiitaje. Kuna dume mmoja tangu nimefika yuko peke yake kwenye kizimba cha safu ya chini, anazunguka upande uleule kutwa nzima, kila akifika kwenye kona anarudisha kichwa nyuma halafu anaanza upya, na mapaja yote mawili yamebaki ngozi tupu kwa kujing'oa manyoya. Wiki iliyopita kaanza kujing'ata mkono. Jumanne ndo siku ya kutoa damu, anaingia mtu na wavu na glovu nene, anamkimbiza mpaka anamnasa, mnyama anapiga kelele na kujinyea hapohapo, na wale wa vizimba vya jirani wanaanza kuharisha kabla hawajaguswa, wakisikia tu lile komeo la mlango limevutwa basi. Nimeuliza nikaambiwa tumbili ndivyo walivyo, nitazoea. Sijazoea na sitaki kuzoea. Je nikiomba ahamishiwe kwenye banda la kundi nitakuwa nimemsaidia?

Binti wa Pangani
Kaka omba leo leo. Sisi huku tumbili tunawaona shambani kila siku, hujawahi kumkuta mmoja anakaa peke yake kwa raha zake, mchana wanatoana chawa, usiku wanalala wamebanana juu ya mti. Umtie mnyama wa namna hiyo kwenye sanduku la chuma miezi na miezi asimguse mwenzake halafu useme ndivyo alivyo? Mtoe aungane na wenzake, roho yake itarudi.

Mzee wa Vizimba
Dada yangu nia yako njema kabisa ila huyo dume akirushwa kundini leo, kesho wanaweza kuokota maiti. Kijana nisikilize vizuri, nimehudumia nyani na tumbili miaka mingi. Upweke unamuumiza kweli, kati ya vyote vinavyojulikana kumfanya nyani au tumbili wa maabara ajing'ate, kuwekwa peke yake ni cha mbele. Lakini mwenzake asiyemjua naye anaweza kumuua, tena bila hata jeraha la maana.

Mwaka 1989 ilitoka ripoti kuhusu tumbili wa kituo cha utafiti hapo Kenya, walikuwa wamekamatwa porini wakawekwa makundi, baadhi wakafa wenyewe. Walipopasuliwa wakakutwa na vidonda vya tumbo vingi, tezi za adrenali, zile zinazotoa homoni za msongo, zimevimba, na kwenye ubongo ile sehemu ya kumbukumbu seli zimeharibika. Wengi walikuwa wanyonge wa kundi, wana alama za kung'atwa na wakubwa. Porini mnyonge anakimbia anapanda mti mwingine, bandani anakimbilia wapi? Anakaa na adui wake usiku na mchana mpaka mwili unaisha. Na dume ndo balaa zaidi, kwa tumbili majike wanabaki kwenye kundi walilozaliwa maisha yote, madume wakikua wanahama, kwa hiyo madume wawili wazima wasiojuana ukiwafungia pamoja ujue umewaita vitani.

Kwa hiyo mnaenda taratibu. Atafutiwe mwenza mmoja tu, vizimba viwekwe jirani wavu katikati, waonane wanuse. Siku mkiona wanaleteana mgongo watoane chawa kupitia matundu, hapo ndo mnafungua, mchana, mtu yupo anaangalia, chakula sehemu mbili na kizuizi cha kujifichia ili mmoja asimwone mwenzake akitaka kupumzika. Wakikataana mnawatenganisha mnajaribu na mwingine.

Na usingoje huyo mwenza, mwombee apandishwe safu ya juu kesho. Tumbili akiogopa anakwenda juu, huko chini kuna giza na kila binadamu anayepita anamzidi kimo, mnyama yupo kwenye hofu hata kama hamna anayemgusa. Kama hawatakubali basi angalau ubao wa kukalia juu ndani ya kizimba. Mpeni kazi pia, mwagieni mtama na alizeti kwenye maranda atafute mwenyewe, porini hiyo ndo shughuli inayomlia siku. Na wewe ukipita usimkazie macho, kwake hilo ni tusi.

Mpima Damu
Mzee kamaliza kwenye makazi, mimi niongeze kuhusu hiyo Jumanne, maana hapo ndo bosi wako atakuelewa. Kotisoli, yaani homoni ya msongo, inaanza kupanda kwenye damu ndani ya dakika chache tu tangu mnyama ashtuke. Mkimkimbiza na wavu halafu mkatoa damu mnapima wavu. Na sukari inapanda na chembe nyeupe zinabadilika, kwa hiyo mtafiti anaandika matokeo ya dawa kumbe ni matokeo ya hofu. Robert Sapolsky aliyechunguza nyani wa Maasai Mara kuanzia 1978 alikuwa anawapuliza sindano ya usingizi kwa bomba, tena anavizia nyani akiwa ameangalia pembeni, asishtuke, halafu anawahi damu mapema. Hiyo ni porini, sembuse kizimbani ambapo mnyama yupo mbele yako?

Mbadala upo na unatumika nchi nyingi, kumzoeza atoe mkono au paja mwenyewe kwenye tundu, anapewa zabibu au kipande cha ndizi kila hatua. Kwanza akaribie tu, halafu aguswe na kijiti, halafu sindano isiyo na ncha, mwisho ya kweli. Inachukua wiki, wengine miezi, ila mkifika hapo mnatoa damu mtu mmoja bila kelele na majirani hawaharishi.

Kijana wa Fildi
Nashukuru sana wakuu. Nimempelekea daktari wa kituo hoja ya kotisoli, alinyamaza kidogo halafu akaniambia nimwandikie karatasi moja. Jana kapandishwa safu ya juu na nimefunga ubao. Bado anazunguka, ila mchana alikaa juu ya ubao kama nusu saa anaangalia dirishani, sijawahi kumuona ametulia muda wote huo. Mzee, zabibu nimpe kwa mkono au?

Mzee wa Vizimba
Usithubutu vidole mdogo wangu, meno ya dume unayajua. Tumia kijiko kirefu, vaa barakoa na glovu, maana kifua kikuu anaweza kukipata kwako pia. Na uwe wewe yuleyule kila siku, saa ileile. Jumanne usiingie na wenye wavu, asije akakuona upande ule.