Mtoto hataki kulala, anasema paka atamla panya wa jino. Nyinyi huwa mnawaambiaje?

Mama Wawili, Busia

Habari zenu wazazi wenzangu, naomba mnisaidie maana usiku unaingia na jibu sina. Binti yangu mkubwa ana miaka sita, yuko P.1, yaani darasa la kwanza, leo mchana jino lake la kwanza limetoka, lile la chini mbele, alikuwa anakula muhogo kwa jirani akaja mbio na jino kiganjani na damu kidevuni na anacheka tu. Baba yake akamwambia liweke nyuma ya mlango, usiku panya atakuja kulichukua akuachie hela. Mimi pia nimekua na hiyo hadithi ya panya kwa hiyo nikafurahi, nikatafuta na kitambaa cha kulifungia.

Sasa sisi tuko na paka. Mume wangu anauza mahindi na maharagwe, magunia yanalala chumba cha nyuma na panya walikuwa wanatutobolea kila gunia, ndo tukaletewa huyu paka, bado mdogo hata mwaka hajafika lakini kazi anaijua, kuna asubuhi unafungua mlango unakuta mkia peke yake. Na hiyo mikia binti yangu ameiona! Basi akakaa kimya kidogo akauliza, "Mama, panya akija kuchukua jino langu si Sukari atamkamata?" Baba yake akasema huyo panya wa meno ni tofauti na wale wa magunia. Akauliza, "Sukari atamjuaje?" Hapo sote wawili tukatazamana.

Binti kaamua paka alale nje. Mdogo wake wa miaka mitatu kusikia hivo akaangua kilio, maana paka analala miguuni pake kila siku, yaani huyu analilia panya atakufa huyu analilia paka atanyeshewa, na mvua yenyewe hiyo imeshaanza. Mume wangu anasema watasahau. Mimi sitaki asahau, mtoto ameuliza swali la maana na anastahili jibu la maana. Paka afungiwe ama hadithi ibadilishwe?

Baba Kijiji, Kayunga

Mfungie paka jikoni usiku mmoja, mwekee mukene, wale dagaa, kidogo na maji, asubuhi mfungulie. Mtoto atalala na panya atafika salama. Kwetu hela ilikuwa shilingi mia, siku hizi sijui mmepandisha mpaka ngapi.

Hajati wa Bombo

Mwanangu hongera kwa jino la kwanza, Mungu amkuze. Sisi bibi yetu hakuwa na habari za panya, alitupeleka uani tukasimama tukaangalia jua, unatupa jino juu ya paa kwa nguvu zako zote unasema chukua hili bovu nipe zuri, lile jino likigonga mabati unasikia *tii* na watoto wote wanashangilia. Wajukuu zangu nimewafanyia hivohivo. Kwa paa hakuna panya wala paka wa kuleta ugomvi, na mtoto analala akiwa ameshamaliza shughuli yake mchana.

Na huyo paka msimtupe kwenye mvua jamani. Dini yetu imemweka paka kuwa ni katika wale wanaotuzunguka majumbani, si najisi, na Abu Huraira, sahaba wa Mtume, hilo jina alilojulikana nalo ni la paka wake mdogo. Huyo mtoto wa miaka mitatu anayemlilia ana moyo mzuri, mwache na paka wake.

Fundi Cherehani, Mbale

Mama Wawili hili lilitupata na sisi, paka na jino ndani ya nyumba moja. Binti yetu alilimaliza mwenyewe. Mke wangu alikuwa amemwonyesha ile sarafu yetu ya Uganda ya mia mbili, si unajua mia ina ng'ombe, mia mbili ina samaki, mia tano ina korongo wetu mwenye taji, mtoto alikuwa anajifunza kuzitofautisha ili aweze kutumwa dukani. Sasa akasema panya wa meno lazima alete mia mbili kwa sababu akikutana na paka atamwonyesha samaki, na paka akishaona samaki hana haja na panya. Alilisema taratibu kabisa, ameshalipanga lote kichwani. Asubuhi akakuta mia mbili, akambebea paka amwonyeshe yule samaki, paka akanusa akaondoka zake. Mpaka leo hiyo sarafu hataki kuitumia.

Kwa hiyo dada usiweke mia tano, weka mia mbili.

Mwalimu wa Top Klasi, Gulu

Nafundisha watoto wa umri huu kila siku na ninachoomba wazazi ni kwamba mtoto akiuliza "atamjuaje" usikimbilie kujibu. Mrudishie, "wewe unafikiri atamjuaje?" halafu unyamaze kabisa, hapo ndo pagumu maana watu wakubwa hatuwezi kunyamaza. Binti ya huyu fundi hapo juu angejibiwa haraka habari ya samaki isingezaliwa.

Na mtazame vizuri analolilia. Hela hajaitaja popote. Anamfikiria mnyama ambaye hajamwona kwa macho, na paka anampenda pia, amegundua kwamba kumlinda huyu kunaweza kumuumiza yule. Kwa mtoto wa miaka sita hayo ni mawazo makubwa sana. Ukimwambia "acha ujinga ulale" unazima kitu ambacho sisi darasani tunahangaika kukiwasha muhula mzima. Mpe kazi, aandike barua ya panya na aongee na paka, mdogo wake ashikilie kitambaa, wote wawili wawe na shughuli.

Wengine watasema ni kuwadanganya watoto. Mimi sikubali, mtoto akifika miaka minane tisa ataijua mwenyewe hadithi na hatakuchukia, atamsimulia mdogo wake.

Mwenye Mbwa, Arua

Hahaha huko kwenu panya na paka, huku kwetu ilikuwa mbwa. Kijana wetu jino lilikuwa linatikisika muda mrefu anaogopa kuling'oa, analisukuma kwa ulimi mchana kutwa hata kula hawezi. Wakati huohuo tulikuwa na mbwa mdogo anatafuna kila kitu, kandambili, ufagio, mguu wa kiti. Siku moja kijana anafagia anaokota kijino kidogo kikali juu ya mkeka, akapiga kelele nyumba nzima ikaja, kumbe na mbwa anang'oka meno! Ile hofu yake yote ikaisha. Akamshika mbwa akamwambia "umenishinda" na kabla ya jua kuzama akaling'oa lake kwa uzi. Usiku akaweka meno yote mawili pamoja akidai panya alete hela mbili, moja ya mbwa.

Ila nauliza wanaojua, mbwa wote huwa wanang'oka meno ama wangu alikuwa na shida? Sikuwahi kuona tena jino lingine.

Mtibu Mifugo, Jinja

Ndugu wa Arua mbwa wako hakuwa na shida yoyote. Mbwa anazaliwa bila meno, anaota ya utoto 28, kuanzia kama miezi minne yanaanza kudondoka na kufika miezi sita saba ana ya ukubwa 42. Paka naye ana ya utoto 26 yanakuwa 30, na miezi ni karibu ileile. Binadamu ni 20 kwenda 32 ila sisi tunachukua miaka, tunaanza kwenye sita na ya utoto yanaisha kwenye kumi na mbili hivi. Hukuona mengine kwa sababu wanayameza na chakula au yanadondoka uani, hayawadhuru. Na kule kutafuna kandambili ni fizi zinamuuma, mpe kitu chake cha kutafuna, lakini si mfupa wa kuku uliopikwa, huo unavunjika vipande vyenye ncha.

Mama Wawili nisikilize hapa kidogo maana paka wako hajafika mwaka. Watoto wakishasikia kwamba na Sukari anabadilisha meno watataka kumfungua mdomo wakague. Wakataze kabisa. Paka mpole pia anauma akilazimishwa, na paka anayeishi na panya na kutoka nje usiku anakutana na wanyama wengine. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya paka pia, anaanza akifika miezi mitatu kisha unafuata tarehe za kurudia atakazokuandikia daktari, uliza ofisi ya mifugo ya wilaya. Mtoto akiumwa au akiparurwa na mnyama, osha kidonda palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, usipake mafuta wala majani, halafu peleka hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda kinaonekana kidogo, kwa sababu huo ugonjwa ukishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, na wanaoumwa sana na mbwa duniani ni watoto.

Lingine, watoto wenye huruma wanapenda kugawana dawa. Nimeletewa paka aliyepewa Panadol na mtoto aliyesikia kwamba paka anaumwa meno. Panadol inaua paka, hata kipande kidogo, mwili wake hauwezi kuivunja kama wetu. Iweke juu kabisa na umweleze binti yako sababu, huyo ataelewa.

Baba Kijiji, Kayunga

Hiyo ya Panadol sikuijua kabisa, asante daktari.

Mama Wawili, Busia

Banange asanteni sana, nimewasoma wote na mume wangu nimemsomea kwa sauti. Nilifanya ya mwalimu, nikamuuliza "wewe unafikiri Sukari atamjuaje?" nikanyamaza, na kweli kunyamaza ni kazi. Akafikiri akasema panya wa meno ana harufu ya watoto. Kwa hiyo tukimpa Sukari anuse kile kitambaa chenye jino atajua kwamba anayekuja na harufu hiyo ni mgeni wetu. Wakaenda wote wawili, mdogo kashika kitambaa kwa mikono miwili, dada yake anamwelezea paka polepole, paka kafumba macho. Halafu mdogo akadai na yeye anuswe ili asije akaliwa usiku, ikabidi paka anuse watu wote nyumbani mpaka baba yao. Kisha wakalala, paka miguuni pale pale.

Hajati, jino linalofuata tumekubaliana litaenda juu ya paa, na lenyewe limeshaanza kutikisika. Fundi, mia mbili ilipatikana kwa muuza chapati.

Daktari sasa nina la kukuuliza wewe. Jirani yangu ana duka tumeshikana ukuta, na yeye ameshindwa na panya, anataka kuweka sumu ile inayouzwa barabarani kwenye vikaratasi. Anasema ataiweka upande wake tu. Mimi moyo haukubali lakini sijui nimweleze nini. Na pia paka huyu anakula panya kila siku, si anatuletea minyoo watoto wangu?

Mtibu Mifugo, Jinja

Moyo wako umekataa vizuri. Panya hajui mpaka wa ukuta, anakula sumu kule anakuja kulegea kwako, paka anamkamata kirahisi na yeye anadhurika, sumu nyingi za panya zinamfikia anayemla panya. Na hizo za vikaratasi hazina maandishi, mara nyingi hata anayeuza hajui ndani ni kitu gani, mtoto wa miaka mitatu akiiokota, hospitali hawatajua wamtibu nini. Mwambie jirani hivyo hivyo bila kugombana, kisha msaidiane: mzibe matundu ya ukuta kwa simenti na waya, magunia yapande juu ya mbao yasiguse sakafu wala ukuta, nafaka iliyomwagika ifagiliwe kila jioni, na mitego ya kubana iwekwe mahali watoto hawafiki. Paka peke yake hamalizi panya wa ghala, anawapunguza tu.

Minyoo ndiyo, paka mwinda panya anapata tegu kutoka kwa panya, utaona vipande vidogo kama punje za mchele kwenye kinyesi chake au nyuma kwenye manyoya. Mpe dawa ya minyoo ya paka kila miezi mitatu, mpime uzito kwanza, usigawanye ya watu. Kinyesi kitolewe kila siku kwa sababu kuna vijidudu vya paka vinavyohitaji siku moja au zaidi nje ndipo viweze kuambukiza, ukiwahi kukitoa umevikata. Kama una mimba kazi hiyo aifanye baba watoto. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula hata kama wamemshika tu, na mchanga wa kuchezea ufunikwe usiku maana paka anauona ni choo chake.

Mama Wawili, Busia

Mimba ipo, miezi minne. Nampa simu baba watoto asome mwenyewe hapo kwenye kinyesi.